Gari Lililoinuliwa Ili Lifike Nyumbani

Mdogo wangu aliniambia amenunua karo ya kitindamimba wetu. Nilitoka kibandani nikipangusa unga mikononi ili nione karo inafananaje, na aliponielekeza kwa kidole niliona gari jekundu la milango miwili, limelala chini barabarani kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni mwa kitanda.

"Hii ndiyo?"

"Hii ndiyo, sista."

Sisi tumezaliwa watatu. Baba alitutoka kwanza, mama akamfuata kabla hatujazoea kuishi bila baba. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa kidato cha pili. Nilirudisha vitabu vya shule kwa mwalimu wa maktaba, nikateremka Machakos mjini, nikapata kazi ya kuosha vyombo katika kibanda cha chakula kando ya magereji. Mwenye kibanda alipochoka nikakichukua. Tangu hapo nimepika muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe, na chapati, na supu ya mifupa, na wateja wangu ni mafundi wa magari wanaokuja na mikono myeusi na kulalamika kwamba chumvi haitoshi. Chakula hicho ndicho kilichomsomesha mdogo wangu sekondari hadi chuo kikuu, hadi akapata kazi ya mauzo kule Mavoko.

Siku aliyopata kazi tulikaa jikoni nyumbani, Kathiani, sote watatu, tukakubaliana. Mimi nimemaliza zamu yangu. Yeye sasa atamsomesha kitindamimba. Binti huyo alikuwa bado sekondari, lakini alishajua anataka uuguzi, na alikuwa anajua kwa nini, maana ndiye aliyekuwa akimgeuza mama kitandani mwishoni, mikono yake midogo haimtoshi. Mdogo wangu alisema "ndiyo" kabla sijamaliza sentensi. Ile "ndiyo" naikumbuka hata alivyoitamka, mdomo umejaa viazi.

Kwa hiyo nilipoliona gari nilisubiri maelezo, na maelezo alikuwa nayo.

"Pesa nikiziweka benki zinalala. Nikinunua ng'ombe, anakufa. Hii gari, sista, ziko chache Kenya hii. Vijana wa Nairobi wanazitafuta kama dawa ya jino linalouma. Ikitunzwa, bei haishuki. Huyu mtoto akiitwa chuo mwakani, nauza, anaingia, na mimi nimeshaendesha mwaka mzima bure."

"Na ikikufia?"

"Iko na waranti."

Akanifafanulia. Gari limetoka Japani, limepitia yadi moja Nairobi, na yadi imempa dhamana ya mwaka mzima kwa injini na giaboksi. Kikifa kimoja kati ya hivyo, wanatengeneza kwa pesa yao. Ila mwenye gari asilichokore. Springi zibaki zile zile, magurudumu yale yale, kusiwe na kuchomelea kitu. "Ukigusa umejitoa mwenyewe," alisema. Nasisitiza kwamba alisema hivyo kwa mdomo wake, mbele ya sufuria yangu, bila mtu kumlazimisha.

Mafundi walikuwa wameacha sahani zao na kulizunguka gari. Yule fundi mkuu wa gereji jirani, mwanamume mrefu ambaye huinamisha kichwa hata mahali pasipo na paa, alipiga magoti akachungulia chini yake.

"Mkubwa, hii inameza barabara."

"Barabara ya lami," nikasema.

"Madam ana wivu," akasema, na wote wakacheka, na mdogo wangu akacheka kuliko wote.

Kwetu, gari halihesabiwi kuwa lako mpaka liingie bomani. Unaweza kuwa na karatasi zote za serikali, lakini kama halijasimama uani na mzee wa nyumba hajalinyunyizia pombe ya asali kwenye magurudumu na kuliombea, watu hulitaja kana kwamba umeliazima. Mzee wa nyumba yetu ni baba mdogo, ndugu wa marehemu baba. Alipanga Jumamosi, akatengeneza pombe, akachinja mbuzi, akaalika majirani wa ng'ambo zote mbili za bonde.

Lami ya kwetu huishia sokoni. Baada ya hapo barabara ni ya murramu, udongo mwekundu ulioshindiliwa, kwa muda mfupi, kisha ni mteremko wa mawe ambayo mvua imeyaosha yakabaki yamesimama kama meno. Nilikuwa nimekaa mbele na mdogo wangu. Viti vya nyuma vilikuwa vya kuwekea labda mfuko wa sukari. Hatukuumaliza hata mteremko wa kwanza. Gari lilitoa mlio kwa chini ambao niliusikia kwenye fizi zangu, likasimama limekalia jiwe, magurudumu ya mbele yakizunguka bila kazi.

Akina mama waliokuwa wakitoka kuteka maji walitua mitungi kutazama.

"Asi! Limekaa kama kuku anayetaga."

"Msilisumbue, litawapa mayai."

Wanaume waliitwa kutoka shambani, wakaliinua kwa mikono na kulirudisha nyuma, na tukaliacha mbele ya duka la sokoni. Tulienda nyumbani kwa miguu, mdogo wangu amevaa viatu vyeupe alivyovinunua kwa ajili ya siku hiyo. Uani watu walikuwa wamejipanga. Baba mdogo alikuwa ameshika kibuyu.

"Gari liko wapi?"

"Liko sokoni, baba."

"Sokoni linauzwa?"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mdogo wangu alingoja kicheko kiishe, akamwomba baba mdogo apande bodaboda waende kuliombea huko huko sokoni.

"Mimi nikaombee gari mbele ya duka, katikati ya wauza nyanya?" Baba mdogo hakupandisha sauti. Alielekeza kibuyu upande wa yale makaburi mawili chini ya uzio wa minyaa. "Baba yako amelala hapa. Mama yako amelala hapa. Wao watalionea wapi?"

Nyama ililiwa. Mdogo wangu hakula. Tangu siku hiyo gari likaitwa "lile la sokoni". Kanisani walimuuliza kama bado liko sokoni. Wateja wa kinyozi walimuuliza. Hata mimi niliulizwa na mwanamke anayeniuzia maharagwe kama limepata mnunuzi huko sokoni.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimebeba sahani kuzipeleka gereji nikalikuta limepandishwa juu ya magogo, magurudumu yametolewa, na fundi mkuu amesimama pembeni akimweleza mdogo wangu kwa kutumia mikono.

"Tunaiinua. Naweka springi ngumu za pikapu, na vipande vya chuma juu yake. Tairi kubwa. Hizo tairi zitasugua hapa, kwa hivyo nakata fenda kidogo. Halafu chini nachomelea bamba la chuma, mwanzo mpaka mwisho. Utapita hata mtoni, mkubwa. Samaki wakusalimie."

Niliweka sahani juu ya boneti.

"Na waranti?"

"Tunainua, tunaenda nyumbani, tunarudisha chini," alisema mdogo wangu. "Nani atajua?"

"Fundi, hii ikishapanda inashuka?"

"Hata jeki hushuka, madam."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Na atakayeinunua atasema nini akikuta fenda zimekatwa?"

"Mnunuzi ni wa mwakani, sista. Wazee ni wa Jumamosi."

Sasa kuna desturi moja ya magereji ambayo kila mtu Machakos anaijua, hata mimi mpika chapati. Vyuma vinavyotolewa kwenye gari ni vya fundi, mwenye gari asipovidai. Vinasukumwa chini ya benchi, na siku moja havipo. Fundi alimpunguzia mdogo wangu gharama ya kazi ili abaki na springi na rimu zilizokuja na gari kutoka Japani. Mdogo wangu alipunga mkono kuelekea vile vyuma kama mtu anayefukuza nzi.

"Hizo niwekee mimi," nikasema. "Nitazisukuma chini ya meza yangu ya unga."

"Utawekea watu chuma kwenye chakula?" mdogo wangu akauliza.

Fundi akacheka, akazivingirisha zile rimu kwa mguu hadi chini ya benchi lake, na mimi nikachukua sahani zangu.

Gari lilipomalizika lilionekana kama mtu wa suti aliyevaa buti za kuchungia ng'ombe. Juu lilikuwa lile lile, jekundu, pua yake nyembamba imeelekea mbele kwa haraka. Chini kulikuwa na tairi nene na giza ambamo mbwa angeweza kulala. Lakini lilifika. Lilishuka ule mteremko wa mawe likiyumba kulia na kushoto, bamba likagonga mara kadhaa, likapanda, likaingia bomani na kusimama mbele ya uzio wa minyaa.

Baba mdogo alinyunyizia magurudumu yote pombe ya asali. Aliongea na marehemu kaka yake kwa Kikamba, polepole, kama anayemwongoza mgeni kwenye kiti. Alimwambia mtoto wake wa kiume amefika na gari lake, na asilionee aibu. Wanawake walipiga vigelegele. Mdogo wangu aliegemeza paji la uso juu ya paa la gari na mabega yake yakaanza kutikisika, na kitindamimba akaenda akamshika kiuno kutoka nyuma. Siku ile ilikuwa nzuri. Nimejaribu kuichukia baadaye nikashindwa, na kushindwa huko nako kunaniudhi.

Kurudisha chini hakukutokea. Kwanza alisema wiki ijayo. Kisha akawa anakuja nyumbani kila Jumamosi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze kazi, na watu wa njiani wakawa wanampungia mkono. Aliyekuwa akichekwa akawa anaitwa kwa heshima. Ningemwambia nini? Nilimwambia mara moja tu, "Waranti bado ina miezi mingapi?" akanijibu niache kumwombea mabaya.

Halafu gari likaanza kulia. Likikata kona, upande wa magurudumu ya mbele ulitoa mlio wa kah-kah-kah, kama mtu anayevunja njugu kwa meno. Fundi alisema ni kawaida, vyuma vinazoeana.

Kitindamimba alipata barua yake mwezi ambao tulikuwa tumeanza kumaliza akiba ya mahindi. Ilikuja kwenye simu. Alipanda gari la kwanza kutoka Kathiani akaja hadi kibandani, akapita katikati ya wateja na simu imeinuliwa juu.

"Mwaitu, nimeitwa!"

Mwaitu ni mama yangu, kwa Kikamba. Huniita hivyo tangu alipokuwa mdogo, na sijawahi kumkataza. Nilisoma ile barua huku chapati inaungua. Chuo cha uuguzi, nafasi yake ipo, aripoti muhula unapoanza, na nusu ya karo ya mwaka iwe imelipwa kabla ya kuripoti. Asiporipoti, nafasi itapewa mwingine.

Nilimpigia mdogo wangu hapo hapo. Alifurahi, na sikuona unafiki katika furaha yake. Alisema tayari ameweka picha za gari mtandaoni na simu zinaingia. Alisema Jumamosi atalileta mjini lioshwe.

Jumamosi hiyo gari lilikufa kwenye mlima, akitoka Kathiani kuja Machakos. Alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari likabaki limesimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Lori la mchanga ndilo lililolivuta hadi mjini. Fundi alipofungua lile bamba la chini alikuta mafuta ya giaboksi yamejaa ndani yake kama supu kwenye bakuli. Yalikuwa yakivuja kwa muda mrefu, na bamba lilikuwa likiyakinga yasidondoke chini, kwa hiyo hakuna aliyeona hata tone.

"Bado iko na waranti," mdogo wangu alisema. Aliyarudia maneno hayo njia nzima hadi Nairobi.

Nilifunga kibanda nikaenda naye Nairobi, maana sikutaka kusimuliwa. Gari lilibebwa mbele yetu, na nilipoliona juu ya lori, limesimama kwa yale matairi yake, nilijua tayari. Mtu wa yadi alikuwa kijana mpole, shati safi. Alitandika katoni chini, akalala chali, akaingia na tochi. Hakukaa sana.

"Boss, hii gari tuliuza sisi?"

"Nyinyi ndio. Karatasi si hizi?"

"Karatasi naona. Gari ndiyo sioni. Tuliyouza ilikuwa chini."

"Giaboksi sijaigusa!"

"Hukuigusa kwa mkono." Kijana aliinuka akajipangusa magoti. Aliongea na mdogo wangu bila dharau, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Ukiinua gari hivi, shafti zinazotoka kwa giaboksi kwenda kwa magurudumu zinakaa mshazari. Raba zake zinapasuka, mafuta yanatoka, giaboksi inafanya kazi kavu mpaka inajila. Ingekufa ikiwa vile tulikupa, ningeiweka ndani leo na nikupe chai. Lakini hii imeuawa na kitu ambacho sisi hatukuweka."

Nikaingilia. "Ikirudishwa chini kama ilivyokuwa, mtaitengeneza?"

"Mama, nikikuuzia maziwa, ukaenda ukatia ndimu, utanirudishia mgando?"

Alituonea huruma kidogo, akashusha sauti. Alisema tukiwa bado na springi na rimu zake za kwanza tuzirudishe, tutoe bamba, tutie giaboksi ya mtumba, halafu tuuze. "Bei itashuka, lakini itakuwa bei. Wanaonunua gari kama hii wanataka kuiharibu wenyewe. Hawataki kununua uharibifu wa mtu mwingine."

Tulirudi Machakos moja kwa moja hadi gereji. Fundi mkuu alikuwa anakula, kwenye benchi lake.

"Springi na rimu za lile gari ziko wapi?"

"Zile? Madam, hizo si zilienda."

"Zilienda wapi?"

"Rimu ziko Matuu, kwa jamaa wa maembe. Springi nilipimia watu wa chuma chakavu." Aliona nyuso zetu, akaweka kijiko chini. "Ndugu yako alikubali hapa hapa. Wewe mwenyewe ulikuwa umeshika sahani."

Alikuwa amesema kweli. Na kwa sababu alikuwa amesema kweli, sikumwongezea supu kwa muda mrefu sana.

Mdogo wangu alichukua mkopo kazini akatia giaboksi ya mtumba ili gari litembee, na wanunuzi wakaanza kuja. Wa kwanza walikuwa vijana kutoka Syokimau, suruali zimebana, wamekuja na gari lao lililoshushwa hadi chini. Walisimama mbele ya kibanda changu na hawakuonekana kuamini.

"Niaje, buda. Hii ndai imevaa gambuti ama?"

"Ni ya safari," mdogo wangu akasema. "Inapita kila mahali."

"Buda, watu wanatafuta ya kushuka, wewe umeitia ngazi." Mmoja alipitisha kidole kwenye fenda. "Na hii imekatwa na nini? Msumeno wa kuni?"

Walipiga picha wakiwa wamelala chini kando ya matairi, wakaondoka wakicheka. Sikuwalaumu. Ningekuwa na umri wao na nafasi yao, ningecheka.

Wa pili alikuwa mzee mfanyabiashara kutoka Kithimani, kofia kichwani, aliyesikia kuna gari la juu linauzwa kwa bei nzuri. Aliangalia tairi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafungua nyuma.

"Magunia yataingia mangapi?"

"Hii haijatengenezwa kwa magunia, mzee."

"Basi mbuzi."

"Ni gari la mbio, mzee wangu."

"Kwa hivyo mbuzi wakimbie?" Alifunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yenye mgonjwa. "Mafuta inakula namna gani?" Mdogo wangu akamwambia. Mzee alilitazama gari lote tena, kutoka pua hadi mkia. "Sasa kijana, hii ni gari ya nani?"

Hilo swali lilibaki pale hata baada ya yeye kuondoka. Wapenda mbio hawakulitaka kwa sababu limeinuliwa. Watu wa mashambani hawakulitaka kwa sababu ni la mbio. Ni watu wa boma letu tu, katika Kenya nzima, ambao gari lile lilikuwa limetengenezwa kwa ajili yao, na sisi ndio tuliokuwa tunaliuza.

Mwisho akaja dalali. Yeye hakulizunguka gari. Alisema analinunua la kubomolewa: injini, viti, milango, taa. Akataja bei yake. Ilikuwa ndogo kiasi cha kutia aibu, lakini ilitosha ile nusu ya karo, na muhula ulikuwa haujaanza.

"Uza," nikasema.

"Siuzi hivyo, sista. Nikiuza hivyo nimekubali hasara."

Tulikuwa kibandani, saa ambayo wateja wameondoka. Kitindamimba alikuwa kwenye kona ananisaidia kumenya vitunguu. Hakuinua macho.

"Hasara gani unayoiongelea?" nikamuuliza. "Hasara yako imekaa pale inamenya vitunguu."

"Atatokea mtu anayeelewa hii gari. Nipe muda kidogo tu."

"Muda si wangu. Ni wa chuo."

"Unaongea kama mimi sijui! Unafikiri mimi nilitaka hivi? Nyinyi ndio mlitaka gari ifike nyumbani!"

"Mimi nilitaka mtoto afike chuoni."

Alitoka. Nilimsikia akiliwasha gari, na ule mlio wa kah-kah-kah ukakata kona na kupotea. Kitindamimba alimenya kitunguu kingine, akasema bila kumlenga mtu, "Hata macho yangu hayajui kama yanalia kwa vitunguu ama nini." Alikusudia nicheke. Nilicheka.

Nilienda kwa wenzangu wa chama cha akina mama, lakini zamu yangu ya kupokea ilikuwa mbali na waliokuwa mbele yangu walikuwa na misiba yao. Nilimwomba baba mdogo auze ng'ombe, akasema atauza, akamtafutia mnunuzi, na mnunuzi akaja baada ya siku ya kuripoti kupita. Kitindamimba alipiga simu chuoni akiwa amesimama nje ya kibanda, mgongo amenipa. Aliporudi ndani aliniambia wamesema ajaribu tena mwakani. Kisha akafunga aproni na kuuliza kama unga wa jioni ulishachekechwa.

Mdogo wangu aliliuza gari baadaye, kwa dalali yule yule, kwa bei ya chini kuliko ile ya kwanza, maana dalali alishajua hakuna mwingine. Pesa yote ikaenda kulipa mkopo wa giaboksi. Nilimuuliza kama kuna iliyobaki. Akaniambia hakuna, na sikumuuliza tena.

Kitindamimba amejifunza kazi ya kibanda haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Wateja wanampenda. Anajua nani hali pilipili na nani anakula kwa deni. Kila mtu ananiambia nimepata msaidizi mzuri, na kila ninapoambiwa hivyo najibu kwamba yuko hapa kwa muda. Najibu kwa sauti, ili naye asikie.

Mawingu ya mvua za vuli yalipoanza kukusanyika, nilimwachia jirani kibanda nikaenda nyumbani. Lile shamba la chini ambalo tulikuwa tumeliacha kuwa malisho tuliamua kulipanda lote ndengu, yaani choroko, kwa ajili ya karo. Tulikuwa tumeanza kulima na kupanda, mimi na kitindamimba, nilipomwona mdogo wangu akishuka kutoka njia ya sokoni kwa miguu, jembe begani, viatu vya ofisini. Hakuna aliyemwita. Sijui nani alimwambia.

"Nianzie wapi?"

Nilimwonyesha mstari wenye mawe.

Alilima. Kufikia mchana viganja vyake vilikuwa vimetoa malengelenge, na kitindamimba, alipompelekea maji, alimwambia, "Meneja, usikanyage mbegu." Mdogo wangu alicheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilimwambia ndengu zikivunwa nitaziuza mwenyewe, na pesa nitazipeleka chuoni mwenyewe, kwa mkono wangu, bila kupitia kwa mtu. Akasema sawa. Nikatembea kando ya mstari wake nikiangalia alivyolima, nikamwambia amekwaruza tu juu juu, mizizi haitaingia hapo.

Alirudi mwanzo wa mstari, akainama, akaanza upya.